Taarifa ya Kefa

Yunis alikutana na Kefa kwenye kibanda cha chipsi, stendi ya Makambako, kijana amevaa koti la suti juu ya sweta kwa baridi ya Juni. Ofisi yake ya Njombe ilikuwa imemtuma kuandika taarifa ya wafanyakazi wa mji, isomwe na matajiri wanaotaka kufungua viwanda.

"Kamwene, dada. Unafanya kazi wapi?"

"Kiwandani, nafunga maboksi ya parachichi. Unatafuta habari za kazi au namba ya simu?"

"Naanza na kazi," Kefa akacheka.

Wakapendana. Simu zikawa hazipoi. "Umekula, mpenzi?" "Nitakulaje na wewe uko Njombe?" Mama yake Kefa, kule Mahongole, akaanza kumwita Yunis mkwe. Na Yunis, kwa kupenda, akamwambia Kefa kila kitu, hata zile siku tatu alizotoroka kazini akamzike bibi yake, wenzake wakamfichia.

Kefa akayaandika. "Wafanyakazi wa hapa ni hodari na huridhika na kidogo," taarifa ilisema, "ila hukimbilia misiba. Mfunga maboksi mmoja alipotea siku tatu kwa msiba wa bibi."

Nakala ilipofika kiwandani, msimamizi hakuhitaji jina. Alimfukuza Yunis, akabandika amri ukutani: atakayeacha kazi kwenda msibani asirudi.

"Sikukutaja, Yunis wangu," Kefa alijitetea kwenye simu.

"Ulimtaja bibi yangu." Akakata.

Hakulia. Alisubiri. Agosti mama yake Kefa alipofariki, Yunis alisema Mungu si Athumani, maneno aliyokuja kuyaonea haya. Wachimba kaburi wa Mahongole karibu wote ni vijana wa kiwanda kile. Asubuhi ya mazishi akasimama getini.

"Leo hakuna kwenda kuchimba. Mfiwa ndiye aliyeandika kwamba tunakimbilia misiba."

Vijana, waliokuwa wamepanga kutoroka wakachimbe licha ya ile amri, wakaingia kazini.

Saa nne Kefa akapiga. "Yunis, tuko watatu tu, na mjomba ana pumu. Vijana wako wapi?"

"Kazini. Si ndivyo mnavyotaka?"

Sururu ilisikika ikigonga mawe. "Nilitaka cheo," Kefa akasema. "Nilijua nakuuza, nikaandika hivyo hivyo."

Yunis aliona raha, raha tupu, tusimsingizie huruma. Kisha akamfikiria yule mama aliyelala sebuleni akingoja shimo. Yeye hakuandika neno.

Akampita mlinzi, akaingia mpaka kwenye maboksi. "Jamani, nimekosea. Twende tukamzike mama."

"Mkitoka msirudi!" msimamizi akafoka. Wakatoka wote, sabini na zaidi, parachichi zikabaki juu ya meza. Kesho yake alituma watu kuwabembeleza.

Baada ya mazishi Kefa alimfuata Yunis jikoni, udongo mpaka magotini. "Nisamehe. Nataka kukuoa."

"Kwanza andika taarifa nyingine. Sema leo kiwanda kimesimama, na kwa nini. Sema kile kidogo hakituridhishi. Weka jina lako."

"Watanifukuza, Yunis."

"Mimi nilifukuzwa."

Kefa akaandika. Jumatatu iliyofuata akafukuzwa kazi. Yunis alipopata habari alicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyelipiza, kisha akavaa gauni lake jipya la kitenge, akapanda basi la Njombe kumfuata mchumba wake.