Spana ya Tipene

Jumamosi ile ilikuwa Jumamosi kama nyingine. Upepo ulikuwa unavuma, lakini pale Bluff, mji wa bandari wa kusini ya mbali, upepo si habari. Mereana aliingia gereji ya nyuma ya nyumba na chupa yake ya chai, akalipiga jeki gari la marehemu mdogo wake, akajiingiza uvunguni chali na burashi ya waya mkononi. Alikuwa anakwangua kutu.

Gari lenyewe lilikuwa Mazda nyekundu ya viti viwili, paa la turubai. Lilikuwa limezeekea Japani kwanza, kisha likaletwa huku kuendelea kuzeeka. Chumvi ya bahari ilikuwa imezila kingo za chini ya milango, ukibonyeza kwa kidole, kidole kinaingia. Mereana na Tipene walilinunua kwa mkulima mmoja aliyekuwa anafugia kuku humo. Siku walipolivuta kwa kamba mpaka nyumbani, shangazi yao Huhana alilizunguka mara moja, akaguna.

"Hili ndilo gari la mbio?"

"Ndilo, Shangazi," Tipene akasema, kifua mbele.

"Mimi nikiingia humo, mtanitoa kwa kisu cha kufungulia chaza."

Walicheka mpaka jirani akachungulia dirishani.

Hawakutaka makubwa. Springi fupi kidogo ili gari likae chini, usukani mdogo wa ngozi, na ekzosi yenye sauti ila isiyowaamsha wazee. Halafu kichwa cha gia cha mti. Hicho Tipene alikichonga mwenyewe kutoka nguzo ya uzio wa zamani wa baba yao, akawa anakipiga msasa kila jioni mbele ya televisheni. Alikuwa na mikono mizuri, yule kijana, ila alikuwa na maradhi yake: spana namba kumi. Nusu ya gari lile linafunguliwa kwa spana hiyo, na kila aliyoinunua aliipoteza. Ya mwisho aliizungushia mkanda wa bluu ili isimpotee tena.

Watu husikia habari hizi wakadhani alifia garini. Wapi! Alilala nyumbani, asubuhi hakuamka. Moyo, daktari alisema, kwa kijana wa miaka thelathini na mmoja ambaye hata sigara hakuvuta. Mereana ndiye aliyemkuta, na ndiye aliyemlea pia, maana mama yao alifariki wangali wadogo. Nyumba ilikuwa na baridi ya kung'ata, wakilala kitanda kimoja. Tipene mdogo alikuwa hapati usingizi mpaka ashike mkono wa dada yake. "Wa kushoto ni wangu," alikuwa anasema. Ukimpa wa kulia, hakulaliki nyumba nzima.

Wakati wa matanga jeneza lilikaa wazi, ndugu wamelizunguka, wakimlilia, wakimsema, wakimtania, kama wanavyofanya siku zote. Mereana aliinama, akaitia ile spana ya mkanda wa bluu kwenye mfuko wa koti la mdogo wake.

"Chukua," alimnong'oneza. "Usije ukaniuliza tena iko wapi."

Shangazi Huhana alimwona, akacheka na kulia kwa pamoja. Kifuniko kikafungwa, Tipene akazikwa mlimani.

Waliporudi, Shangazi alifanya linalofanywa. Alishika bakuli la maji, akapita chumba kwa chumba na ndugu nyuma yake, akisali na kunyunyiza, ili marehemu aone njia iko wazi aende zake. Wakamaliza jikoni.

"Kuna chumba kingine, Mere?" Shangazi akauliza.

"Hakuna," Mereana akajibu.

Wakakaa kula. Gereji aliikumbuka vizuri sana. Alitaka pabaki mahali pamoja tu duniani ambapo ndugu yake hajaambiwa aondoke, na nani angemlaumu? Mimi simlaumu.

Ndivyo alivyokuja kulimaliza gari peke yake. Kazi yake ilikuwa kufungua chaza kwa kisu kiwandani tangu alfajiri, na akitoka huko anakwenda gereji. Alijifunza kwa video za mtandaoni. Jirani alimchomelea zile kingo zilizoliwa. Springi alifunga mwenyewe, akasugua plagi, akamwaga oili kuukuu nyeusi tititi. Mwisho kabisa alikifunga kile kichwa cha gia cha mti, akakizungusha mpaka kikagoma, akaenda kulala.

Kesho yake kulikuwa na barafu. Kioo cha gari kilikuwa cheupe hata kwa ndani. Mereana aliingia, akaona miguu yake haifiki kwenye klachi, maana siti ilikuwa imerudishwa nyuma mpaka mwisho. Tipene alikuwa mrefu. Dada mtu aliisogeza siti mbele, akaweka mkono wa kushoto kwenye gia.

Gia ilikuwa na joto.

Si joto la jua, kwani jua halijatoka. Lilikuwa joto la mahali palipokuwa na kiganja muda huo huo.

Hakukimbia. Alifurahi, jamani! Alikaa humo akakishika kile kichwa cha gia, akalia kwa raha, akamwelezea mdogo wake habari za springi na oili. Kesho yake tena siti ikarudi nyuma, na tena palikuwa na joto. Akawa anakunywa chai yake humo, kisha anakula humo, kisha akawa hali. Chai inapoa kwenye chupa, yeye ameshika gia.

Siku ya ukaguzi, alilipeleka kwa Callum, kijana anayekagua magari mjini. Callum alilisifia gari, akagonga kingo mpya, akaridhika. Akaingia kulisogeza kwenye mashine ya breki. Mara akafungua mlango.

"Dada, umeweka waya wa joto kwenye hii gia?"

"Hapana."

"Mbona inachoma?" Alijifuta kiganja kwenye suruali. "Na hii siti umeirudisha nyuma wewe?"

"Nilivyoshuka ilikuwa mbele," Mereana akasema taratibu.

Callum akashuka upesi. Alimwandikia cheti chake, akampa bila kumtazama usoni.

Wiki ile ile kazini, Mereana alikuwa anafungua chaza na Shangazi Huhana kando yake, wanapiga soga. Shangazi ndiye aliyeiona damu. Kisu kilikuwa kimeteleza, kimeingia kiganja cha kushoto, na Mereana bado alikuwa anacheka.

"Mere! Mkono!"

Mereana akatazama. Hakusikia maumivu. Hakusikia kitu. Shangazi aliushika mkono ule aufunge kitambaa, akashtuka.

"Toba! Mkono gani huu? Una nini?"

"Baridi ya chaza tu, Shangazi."

"Baridi ya chaza?" Akamshika wa kulia. "Mbona huu una joto?"

Mereana aliuvuta mkono wake. Alisema anakwenda kufungwa kidonda, lakini hakwenda kufungwa kidonda.

Ilikuwa mchana kweupe. Mlango wa gereji ulikuwa umefungwa kama alivyouacha. Alifungua gari, akaona kitu juu ya siti ya dereva.

Spana. Namba kumi. Mkanda wa bluu.

Aliiokota. Mdomo wa spana ulikuwa na udongo. Udongo mwekundu wa kule mlimani, bado mbichi.

Hapo ndipo alipoogopa. Akajikuta ameketi garini. Siti ilikuwa nyuma, mbali na usukani. Mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe kwenye gia.

Ukashikwa.

Haukushikwa kwa nguvu. Vidole vilipita katikati ya vidole vyake, kimoja kimoja, kama zamani. Hakuona mtu. Alijaribu kuuvuta. Haukuja.

"Tipene?"

Akautazama mkono wake.

"Ni wewe?"

Ukaminywa.

Baridi ilipanda. Ilifika kifundo cha mkono. Ikafika kiwiko. Na kadiri alivyopoa yeye, ndivyo mti ulivyopata moto. Ndipo akaelewa joto lile la kila asubuhi lilikuwa la nani. Lilikuwa lake. Alikuwa analitoa yeye, kidogo kidogo, na ndugu yake analipokea. Mtoto wa watu hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anasikia baridi tu, na amezoea tangu utotoni kwamba akisikia baridi, dada yupo.

"Unasikia baridi, mdogo wangu?"

Ukaminywa tena. Baridi ikafika begani. Mereana akafumba macho. Niwaambie kweli: alikuwa tayari kumpa yote. Alikuwa amechoka kuishi bila yeye.

Mlango wa gereji ukafunguka kwa kishindo. Shangazi Huhana, aproni ya kazini bado kiunoni, alisimama pale akihema. Alitazama midomo ya Mereana iliyogeuka rangi. Akatazama siti. Akaiona spana mapajani mwake. Hakumvuta. Alichuchumaa mlangoni mwa gari, akasema kwa sauti ya chini:

"Nilikuuliza kama kuna chumba kingine."

"Nilidanganya, Shangazi."

"Najua. Gereji naijua, na nilikuachia. Hilo kosa ni langu na lako." Akamshika goti. "Sasa nisikilize. Mimi nitasali, lakini sala yangu haimtoi. Wewe ndiye uliyemzuia. Mwambie wewe."

"Siwezi."

"Utaweza, mwanangu."

Shangazi akajaza maji kwenye beseni ya kuoshea spana. Alifungua boneti, akafungua buti, akafungua mlango wa pili, akalirudisha paa la turubai nyuma lote. Kisha akaanza kusali na kunyunyiza, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, maana Tipene alikuwa mtoto wake pia.

Mereana alilia mpaka kamasi zikamtoka. Ulimi ulikuwa mzito.

"Tipe," akasema. "Mdogo wangu. Wa kushoto ni wako, sijasahau. Lakini nimeishiwa. Sina joto jingine." Akavuta pumzi. "Mama yuko huko. Nenda kwa mama. Ana mikono yote miwili."

Shangazi aliendelea kunyunyiza.

Kisha kidole kimoja kikaachia. Kikafuata kingine. Cha mwisho kilikawia, kikang'ang'ania kile kidole chake kidogo, hadi Mereana akataka kusema basi, kaa. Hakusema. Kikaachia.

Mti ukapoa mkononi mwake. Ukawa mti tu. Mereana aliukumbatia usukani akaomboleza kwa sauti kubwa kuliko alivyoomboleza makaburini, na Shangazi akamwacha aomboleze hapo mpaka kiu ikamshika. Halafu akampeleka ndani, akamlazimisha kula mkate wa kukaanga, wote wawili wakiwa wameketi sakafuni karibu na moto.

Mkono ulirudi polepole, kwanza kwa ganzi, kisha kidonda kikaanza kuuma, naye akakishukuru kile kidonda kwa kuuma. Kila asubuhi alikwenda gereji kutazama siti. Ilikuwa mbele, pale pale alipoiacha. Kila asubuhi ilimchoma moyo.

Ile spana aliifuta udongo, akaiweka kwenye droo ya vyombo, peke yake. Siku moja anataka kukaza betri, akafungua droo. Haimo. Alipekua gereji nzima, akatazama uvunguni, ndani ya boneti, kwenye mifuko ya makoti. Haimo.

"Maradhi ya ukoo," Shangazi akamtania. "Sasa yamekushika wewe."

Mereana alicheka kidogo, akaenda dukani kununua nyingine.

Mwaka ulipotimia, ukaja wakati wa kulifunua jiwe la kaburi mbele ya ndugu, kama ilivyo desturi yao. Jana yake Mereana mwenyewe alilifunika jiwe kwa kitambaa, akakifunga kwa kamba, mafundo ya nguvu kwa sababu ya upepo. Asubuhi yake alikwenda na gari jekundu, paa wazi, Shangazi Huhana amebanwa kwenye siti ya pili akitukana springi fupi kila walipopita shimo. Barafu ilikuwa imetanda mlima mzima. Ndugu walisimama wakipulizia vidole vyao.

Sala ikasomwa. Mereana akafungua mafundo yake mwenyewe, moja moja, akavuta kitambaa.

Juu ya jiwe kulikuwa na spana. Namba kumi, mkanda wa bluu.

Ndugu walicheka, wakapiga makofi. Walidhani ni yeye aliyeiweka, kumbukumbu ya utani wao. Shangazi peke yake hakucheka. Alikuwa amemwona Mereana anavyobadilika uso.

Mereana alinyoosha mkono wa kushoto, akaichukua.

Ilikuwa na joto, kwenye baridi ile. Aliishika akingoja mkono wake upoe, kama zamani. Haukupoa. Joto halikuwa lake safari hii.

"Shangazi," alinong'ona, machozi yakimtiririka. "Hasikii baridi tena."

Akairudisha juu ya jiwe, wakashuka wote kwenda kula. Walipopanda tena jioni kuaga, haikuwepo, na hakuna aliyekiri kuichukua.