Dumu la Maji Makaburini

Kabla ya kila ziara, mwalimu wa historia aliwagawia kazi wanafunzi wake wa darasa la nne hadi la sita. Siku hiyo kazi ya kubeba dumu la maji yaliyochemshwa ilimwangukia msichana wa darasa la sita, aliyeitwa Kiberenge, kama kile kigari cha reli, kwa jinsi alivyopenda kutangulia.

"Ukichoka useme," mwalimu alimwambia.

"Mimi nichoke, mwalimu?"

Lakini makaburi ya kale ya mji hayakuwa na mwisho, na jua halikuwa na mzaha. Kaburi la mwashi, kaburi la hakimu, kaburi la tajiri na wake zake. Mwalimu alisimama kusoma kila jiwe. Kiberenge akajikuta mkiani, mkono umekufa ganzi. Aliona haya kuomba msaada. Akajibanza nyuma ya kaburi la tajiri, akamwaga maji yote. Walipokaribia kupumzika, alilijaza dumu upya kwenye pipa la kumwagilia maua, lililoota utando wa kijani.

Walikaa mbele ya safu ya makaburi mafupi mafupi.

"Hawa walikuwa watoto," mwalimu alisema kwa sauti iliyochoka. "Kipindupindu kiliwamaliza msimu mmoja. Walikunywa maji machafu."

Kiberenge akasoma mawe. Miaka sita. Miaka tisa. Pembeni yake mdogo wake wa darasa la nne, midomo imemkauka, alishajimiminia kikombe.

Kiberenge aligeuka. Akakipiga kikombe kikaruka.

"Dada, una wazimu? Nina kiu!"

"Usinywe! Maji ya shule niliyamwaga, dumu lilinilemea. Haya nimeyachota kwenye pipa la maua." Akaangua kilio.

Wenzake waliguna. Mwalimu alivua kiatu, akakung'uta mchanga. Hakufoka; labda hakuwa na nguvu za kufoka.

"Hata mimi nimechoka," alisema. "Kuchoka si kosa, mwanangu. Ungesema, tungepokezana. Kosa ni kuficha uchovu wako mpaka mwenzako anywe ugonjwa. Ila umesema ukweli kabla hajanywa, na kwa hilo nakushukuru."

Wakamwaga yale maji, wakashika njia ya shuleni na kiu yao, wakijikokota. Katikati ya njia Kiberenge alisimama na dumu lake tupu.

"Jamani," akasema, kila mtu akasikia, "nimechoka."

Mdogo wake akanyoosha mkono. "Lete hapa, dada. Lakini tukifika, kikombe cha kwanza ni changu."