Jina la Ratri Kwenye Kadi ya Shangazi

Nyumbani kwa Winarti siku huanza na soya. Saa kumi na moja alfajiri sufuria huwa imeshachemka. Mumewe, Sugeng, huzikanyaga soya ndani ya beseni hadi maganda yatoke. Binti yao Ratri, mwenye miaka kumi na mitano, hufunga tempe, yaani soya hizo zilizotiwa ukungu ili zichachuke na kushikana, kwenye majani ya mgomba. Ana mkono mwepesi, na macho yake huwa kwenye daftari alilolisimamisha mbele yake.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya juu ya serikali hapa Tegalrandu. Kila mwezi wa Juni nawekwa kwenye meza ya uandikishaji, na kila Juni nakonda. Mambo haya mengine niliyaona mwenyewe. Mengine Winarti alinisimulia baadaye, akicheka pale ambapo wakati ule alilia.

Winarti ni mtu asiyetulia. Akikaa, mguu wake unacheza. Tangu Ratri alipokuwa darasa la chini, mama huyu alikuwa na jambo moja tu kichwani: mtoto asome shule ya mjini, ile ya zamani yenye nguzo nyeupe, karibu na uwanja wa mji. Watoto wa mabwana wakubwa husoma huko. Ya kwetu aliiita shule ya ghala. Alisema hivyo hata mbele yangu, nami nilimeza.

Siku hizi serikali hugawa nafasi kwa njia kadhaa. Njia kubwa huangalia makazi. Mtoto anayeishi karibu na shule hutangulia, na makazi husomwa kwenye kadi ya familia, karatasi ya serikali yenye majina ya wote wanaoishi nyumba moja. Kutoka kwa Winarti hadi shule ya mjini ni kilomita kumi na nne. Kwa njia hiyo, Ratri asingefika popote.

Basi mwezi wa Novemba Winarti akafanya wanayofanya wengi huku kwetu. Alilitoa jina la Ratri kwenye kadi yao, akalihamishia kwenye kadi ya wifi yake Endah, ambaye nyumba yake inatazamana na ukuta wa ile shule. Alimwambia mumewe ni karatasi tu. Sugeng alikuna kichwa, akanyamaza. Kunyamaza ndio ugonjwa wake.

Juni ikafika. Orodha ya waombaji ilionekana kwenye simu, na jina la Ratri lilikuwa la tisa. Winarti alizunguka mtaa mzima akiwaonyesha watu. Hakulala vizuri, hakula vizuri, lakini alikuwa na furaha.

Alichosahau ni kwamba shule hukagua. Siku ya pili maofisa wawili walikwenda kwa Endah. Ratri alikuwa ameshapelekwa huko na mfuko wa nguo. Alikuwa amefundishwa chumba chake ni kipi, pazia ni la rangi gani, na aseme amekaa hapo miaka miwili. Mmoja wa maofisa alikuwa mama mpole. Hakuuliza habari za pazia. Alimuuliza akiamka asubuhi huwa anafanya nini.

"Nafunga tempe," Ratri alijibu.

"Hapa?"

"Hapana. Kwetu, Tegalrandu."

Ofisa aliandika. Kisha akatazama tarehe ya kadi, akaona ina miezi saba tu. Sheria inataka mwaka mzima, na mtoto awe anaishi pale kweli. Kabla ya jioni jina la Ratri lilikuwa limeondolewa kwenye orodha.

Winarti alimfuata Ratri huko huko kwa pikipiki. Walipofika uani, alimuuliza kwa nini amemfanyia vile.

"Mama, aliniuliza ninachofanya asubuhi," Ratri alisema. "Ningemwambia nini? Kwamba sifanyi kitu?"

Winarti alikwenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Kesho yake asubuhi alikuwa mbele ya meza yangu, na Ratri nyuma yake. Alinisukumia bahasha. "Haya, Mwalimu, mwandike hapa. Hamtakosa nafasi nyie."

Nilifungua ile kadi. Nakiri kwamba nilikumbuka neno ghala, na nikaona raha kidogo. Ilikuwa raha mbaya, na naionea aibu hadi leo.

"Kwa karatasi hii, Mama Ratri, mwanao si wa hapa," nikasema. "Anaishi mjini, kilomita kumi na nne. Nikimweka kwenye njia ya makazi atakuwa wa mwisho kabisa."

"Lakini mimi naishi hapo nyuma. Paa langu unaliona."

"Wewe ndiyo. Yeye hayumo kwenye kadi yako."

Alisema atalirudisha jina siku hiyo hiyo. Nikamweleza kwamba kadi itaandikwa tarehe mpya, na tarehe mpya haina mwaka. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Uandikishaji ulikuwa unafungwa Alhamisi saa nane mchana, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. Kwa mara ya kwanza Winarti alielewa kwamba mtoto wake angeweza kukosa shule zote mbili. Ratri alitazama sakafu.

Hapo ndipo Mama Kasmi alipoingia na kahawa yetu. Mama Kasmi anauza wali katika kantini ya shule na ni jirani wa Winarti. Masikio yake husikia kila kitu.

"Mwalimu," alisema, "mbona unamwonyesha milango iliyofungwa tu? Mwambie na ule ulio wazi."

Nikaona haya. Nikamwambia Winarti akae, nikamweleza polepole, kama nilivyotakiwa kufanya tangu mwanzo.

Nilimwambia ipo njia ya ufaulu, ambayo haiangalii mtoto anaishi wapi. Inaangalia alama zake za mihula mitano iliyopita na vyeti vyake vya mashindano. Shule yetu ilikuwa na nafasi thelathini na sita za njia hiyo. Ratri alikuwa na alama nzuri, tena alikuwa mshindi wa pili wa wilaya katika silati, mchezo wetu wa kupigana kwa mikono na miguu. Lakini alama na cheti vilitakiwa kuwa na mhuri wa shule yake ya zamani. Nikamwambia pia ipo njia ya familia zinazopata msaada wa serikali, na njia ya watoto ambao wazazi wao wamehamishwa kikazi. Hizo hazikumhusu, na asijaribu kuzitengenezea karatasi. Sheria zenyewe hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo mzazi aulize shuleni mapema, asiulize sokoni.

"Mbona hakuna aliyeniambia?" Winarti akauliza.

"Uliniuliza lini?" Mama Kasmi akamjibu. "Wewe kila siku ulikuwa mjini. Kaa kidogo nikwambie habari ya ghala lako."

Akamwambia kwamba zamani hapa hapakuwa na sekondari ya juu. Wazazi wa Tegalrandu waliandika barua kwa serikali miaka sita. Serikali ilipokubali kuleta walimu, majengo hayakuwepo, ndipo wakaazima ghala la tumbaku. Wanafunzi wa kwanza walikuwa arobaini na mmoja, na kila mmoja alibeba kiti kutoka kwao. Mama Kasmi alikuwa mmoja wao. Asubuhi vumbi la tumbaku liliwapigisha chafya hadi mwalimu akacheka. Wawili kati yao ni wauguzi leo, mmoja ni mhandisi wa mabwawa.

"Na wewe ukawa muuza wali," Winarti alisema, si kwa ubaya, ulimi wake tu ndio ulivyo.

"Nami nikawa muuza wali ninayejua kusoma mkataba wangu. Haya, ondokeni, mhuri hauji wenyewe."

Waliondoka mbio. Mkuu wa shule ya zamani hakuwepo, alikuwa kwenye harusi ya mpwa wake. Winarti alimfuata harusini na nguo zake za kazi, akamsubiri nje ya hema hadi alipomaliza kula. Jumatano saa sita mchana karatasi zote zilikuwa mezani kwangu. Nikaziingiza. Jina la Ratri likatokea la ishirini na moja.

Kisha likaanza kushuka. Kila mtoto mwenye alama za juu akiingia, waliopo chini yake husogea. Ishirini na nne. Ishirini na tisa. Alhamisi asubuhi ilikuwa thelathini na tatu. Winarti, Sugeng na Ratri walihamia kantini. Winarti alishika simu ya mumewe, akaiweka chini, akaishika tena. Mama Kasmi alimpa maharage mabichi ayakate, akayakata vipande vidogo hadi hayafai kupikwa.

Saa saba jina lilikuwa la thelathini na tano. Saa saba na nusu, la thelathini na sita. Mtoto mmoja tu angeingia, Ratri angetoka.

Hapo Sugeng akafungua mdomo. Alimgeukia binti yake.

"Sikiliza. Hata ukikosa, kosa si lako. Sisi ndio tuliokutoa kwenye kadi yetu. Na mimi niliona, nikanyamaza."

Ratri aliziba uso kwa mikono. Winarti aliacha kukata. Nilikuwa mlangoni, sikujua niangalie wapi.

Saa nane orodha ilifungwa. Ratri alikuwa wa thelathini na sita. Nililisoma jina mara mbili ndipo nikalitamka. Winarti alikaa chini sakafuni, katikati ya vipande vya maharage, akalia mpaka akamaliza.

Leo Ratri yumo darasani kwangu. Jumatatu hushika bendera kwenye paredi, na jioni hufanya mazoezi ya silati uani. Katika somo la usindikaji wa vyakula mwalimu alitaka kueleza ukungu unavyogeuza soya kuwa tempe, akamwita Winarti aje afundishe. Winarti aliwafokea watoto kwa kushika majani vibaya. Walimpenda sana.

Lakini kabla ya hayo, Ijumaa ile ile, siku moja baada ya orodha kufungwa, Winarti alikwenda ofisi ya uandikishaji wa wananchi. Sugeng na Ratri walikuwa naye. Karani alichukua kadi mbili, akaziangalia, akaona mtoto amehama na sasa anarudi. Nafasi ya shule ilikuwa imeshapatikana, hapakuwa na faida yoyote iliyobaki kwenye karatasi hiyo. Akauliza aandike sababu gani ya kulirudisha jina.

"Andika kwamba ni mwanetu," Winarti alisema, "na analala kwetu."