Siku Swaumu Aliposhinda Rede

Nyumbani kwa mzee Mselemu, kijijini Issuna, ugali ulikuwa na kipimo chake. Mama Mwanvua alichota unga kwa bakuli la bati lenye ua jekundu ubavuni: mabakuli manne kwa watu wanne. La kwanza la mume wake, la pili la Abdulmajidi, mtoto wao mkubwa, la tatu la kwake mwenyewe, na la mwisho, lisilojaa sana, la Swaumu aliyekuwa darasa la sita. Alichota hivyo kila jioni bila kuhesabu. Mkono wenyewe ulikuwa unajua.

Mwaka ule Abdulmajidi, ambaye nyumbani walimwita Majidi, alimaliza kidato cha sita. Jina lake likatokea kwenye orodha ya vijana wanaokwenda Jeshi la Kujenga Taifa, mafunzo ya miezi mitatu, tena kambi ya mkoa wa mbali. Mwalimu Elisha, jirani yao, ndiye aliyelisoma kwenye simu yake, akaandika kwenye karatasi vitu vya kubeba: raba, bukta, shuka mbili, ndoo. Mama Mwanvua akavitafuta kimoja kimoja. Mzee Mselemu alikuwa mtu wa kunyamaza, na safari ile alinyamaza zaidi.

Katika nyumba hiyo mtu akisafiri mbali kulikuwa na mambo mawili yasiyovunjwa. La kwanza, mama hamsindikizi mwanawe hadi barabarani. Anamuaga mlangoni, kisha anageuka na kuingia ndani, ili machozi yake yasimfuate msafiri. La pili, baba humsindikiza hadi kituoni, humwekea mkono kichwani na kumsomea Fatiha. Mzee Mselemu aliwekewa mkono na baba yake siku alipokwenda kutafuta kazi Mitundu, na baba yake aliwekewa na babu. Bila mkono ule, walisema, mtu ameondoka lakini hajaagwa.

Siku ya safari, basi lilitarajiwa saa tano. Mzee Mselemu aliamka mapema, akachukua baiskeli na kwenda shambani kupepeta alizeti, kwa kuwa upepo wa asubuhi ndio mzuri, jua likipanda unageuka geuka na kumrudishia mtu makapi usoni. Alisema saa nne atakuwa kituoni. Simu yake aliiacha dukani ikichajiwa.

Saa tatu kasoro, kondakta akampigia Majidi. Basi limewahi, litapita Issuna saa tatu na nusu. Majidi akaagana na mama yake mlangoni upesi upesi, akabeba begi, na Swaumu akabeba ndoo. Walipofika kituoni Majidi akamshika mdogo wake bega.

"Swaumu, kimbia shambani. Mwambie baba basi linafika sasa hivi, namsubiri. Usisimame popote."

"Nimesikia, kaka."

Swaumu alikimbia kweli. Alipita mashine ya kukamua alizeti, akapita kisima. Kwenye uwanja wa shule aliwakuta wenzake wanacheza rede, maana ilikuwa likizo. Redempta alikuwa katikati, anakwepa mpira wa soksi huku anajaza mchanga kwenye chupa, na mara akapigwa mgongoni. Akamwona Swaumu, akasema kwa sauti ya kumcheka kwamba anakimbia kwa sababu anaogopa kuingia. Swaumu hakuwa mtoto wa kuambiwa hivyo. Muda bado upo, akajisemea, chupa moja tu.

Akaingia. Siku hiyo mpira haukumgusa. Alikwepa kulia, akakwepa kushoto, akaruka, akainama, na chupa ikajaa mpaka mdomoni. Wenzake wakapiga kelele za kumshangilia. Ndipo ikasikika honi, mbali, upande wa barabara ya lami.

Hapo Swaumu angeweza kufanya jambo moja kati ya mawili. Angeweza kukimbilia shambani hata kama amechelewa. Au angeweza kurudi kituoni na kusema, kaka, nimecheza, nisamehe. Hakufanya hata moja. Alirudi kituoni miguu ikiwa na vumbi hadi magotini, akamkuta Majidi ameshika mlango wa basi kwa mkono mmoja, anamwomba kondakta dakika mbili tu.

"Baba yuko wapi?"

Swaumu alitazama chini. "Amesema uende tu. Ana kazi."

Majidi alitazama ile njia ya shambani, ambayo haikuwa na mtu, kisha akachukua ndoo yake na kupanda.

Saa nne kasoro robo, mzee Mselemu alifika na baiskeli. Shati lake jeupe alilivulia shambani ili lisichafuke, akalivaa njiani. Kabla ya kuuliza lolote alikwenda kwenye bomba la karibu na kituo, akanawa mikono vizuri, hata kwenye kucha, maana vumbi la alizeti linang'ang'ania. Akamjia Swaumu ameinua viganja mbele yake, vinachuruzika maji, kama mtu anayengoja vikauke ndipo avitumie.

"Kaka yako yuko wapi?"

"Ameondoka, baba. Basi limewahi."

"Hakunisubiri?"

Uongo wa kwanza ulikuwa umeshasemwa, na huo nao ukadai mwenzake.

"Alisema hawezi kusubiri, atachelewa kuripoti."

Mzee Mselemu alisimama pale, mikono ikiendelea kuchuruzika. Kisha akaifuta kwenye suruali, akapanda baiskeli, akarudi shambani. Jioni hakula.

Miezi iliyofuata ilikuwa michungu katika nyumba ile. Mama Mwanvua aliendelea kuchota mabakuli manne, na kila jioni ugali ukabaki. Asubuhi Swaumu alipewa kiporo cha sehemu ya kaka yake. Alikila kwa sababu chakula hakitupwi, lakini hakikupita kooni bila maji. Mwalimu Elisha, ambaye alipitia mafunzo hayo zamani, alimweleza mama kwamba makuruta huamshwa saa kumi alfajiri kwenda kukimbia. Tangu siku hiyo mama naye akawa anaamka saa kumi. Anakaa kwenye kigoda jikoni, hawashi moto, hafanyi kazi. Alipoulizwa alisema haiwezekani mwanawe awe anakimbia na yeye amelala.

Mzee Mselemu hakulitaja jina la Majidi. Redio ikitaja jeshi, alizima. Alipokasirika alihamia Kinyaturu, lugha ya kwao, na siku hizo alikisema sana.

Simu za makuruta zilikuwa zinatunzwa na wakubwa wa kambi, hivyo Majidi alipiga mara ya kwanza katika wiki ya saba, Jumapili, kwenye simu ya mama. Sauti yake ilikuwa inakwaruza. Aliuliza hali ya mama, ya Swaumu, ya kuku, hata ya yule jogoo mwekundu mwenye kilema. Hali ya baba hakuiuliza. Mama akamnyooshea mume wake simu, naye akainua kiganja kuikataa.

"Mwambie nimesikia salamu," akasema.

"Hajatoa salamu kwako."

"Basi sijasikia kitu."

Mama alimtazama mumewe kama anayemtazama mtu asiyemjua. Swaumu alikuwa pembeni anachambua mchicha. Alichambua mpaka akatupa majani na kubakiza vijiti.

Mwishoni mwa mwezi wa nane Majidi alituma ujumbe. Ijumaa inayofuata watafunga mafunzo, wazazi wanaruhusiwa kufika. Mama akafurahi, akaanza kupanga safari, na mzee Mselemu akamkatisha kwa neno moja, kwamba yeye haendi. Mama akauliza kwa nini. Akajibu kwamba kijana aliyeukataa mkono wa baba yake hana haja ya kupigiwa makofi na baba huyo. Mama hakuelewa mkono gani uliokataliwa, akaliona kuwa ni kisingizio tu, akamwambia kwamba basi atakwenda peke yake, na akirudi asiulizwe chochote. Usiku ule walilala bila kuagana.

Kesho yake Swaumu alitumwa kumwita baba chakula. Alimkuta nyuma ya ghala, amekaa juu ya gunia la mashudu ya alizeti, anachonga mpini wa jembe. Lilikuwa jembe la Majidi. Mpini wa zamani ulikuwa mfupi, wa mtoto wa sekondari. Huu mpya aliuchonga mrefu, akausugua kwa kipande cha chupa mpaka ukateleza. Hakuinua macho.

"Swaumu."

"Abee, baba."

"Siku ile wewe ulikuwepo. Nataka kukuuliza jambo, unijibu taratibu. Aliposema hawezi kunisubiri, alisema kwa hasira, au alisema tu?"

Njia rahisi ilikuwa hapo, mbele yake. Angesema alisema tu, baba angepoa kidogo, na mambo yangekwenda. Swaumu alifungua mdomo aseme hivyo. Akautazama ule mpini mrefu, uliochongwa kwa ajili ya mtu ambaye mchongaji anaamini hampendi, na maneno yakakataa kutoka.

"Hakusema, baba."

Kipande cha chupa kikasimama.

"Hakusema nini?"

"Hakusema hivyo. Alinituma nije kukuita. Alikusubiri, alimzuia kondakta. Mimi sikufika shambani. Nikamwambia wewe umesema aende tu, una kazi."

Alingoja kofi. Halikuja, na hilo lilikuwa zito kuliko kofi. Mzee Mselemu aliweka jembe chini polepole.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilicheza rede."

"Ulishinda?"

"Ndiyo, baba."

"Vizuri," akasema mzee Mselemu. "Basi siku ile kuna aliyeshinda."

Akanyanyuka, akamshika mkono hadi jikoni, akamwambia arudie maneno yale yale mbele ya mama yake. Swaumu akayarudia. Mama alikuwa ameshika mwiko. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi kwenye kile kigoda alichokikalia kila alfajiri, akajifunika uso kwa kanga. Baba ndiye aliyeamua. Alisema wote watatu watasafiri, na Swaumu atayasema mara ya tatu, kwa kinywa chake, kwa yule aliyemdanganya kwanza. Yeye na mama hawatamsaidia hata neno.

Siku ya safari mama Mwanvua alitoka mlangoni, akatembea hadi barabarani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Safari hii, alisema, machozi na yapande basi, nauli yao ameshalipa.

Uwanja wa kambi ulijaa watu. Vijana walipita kwa kwata, miguu yote ikigonga ardhi kama mguu mmoja. Mama alimtafuta mwanawe mara tatu akamkosa, maana wote walikuwa weusi kwa jua, wamenyolewa, wamekonda. Ni mzee Mselemu aliyemwona, akasema kwa sauti ndogo, "Yule. Anakanyaga kama babu yake."

Walipopewa ruhusa ya kuonana, Majidi alimkumbatia mama. Kwa baba alisimama hatua mbili mbali, amenyooka kama yuko mbele ya afande.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Baba akamtazama Swaumu. Swaumu akaeleza yote, chupa ya mchanga, honi, ule uongo na mwenzake, na katikati alilia lakini hakuna aliyemwambia basi. Alipomaliza, Majidi alivua kofia akaizungusha mikononi.

"Kila asubuhi nikikimbia," akasema, "nilikuwa najiuliza nimemkosea nini baba."

"Na mimi shambani," akasema mzee Mselemu. "Swali hilo hilo."

Baba akaomba maji kwa mama, akanawa mikono palepale penye majani, akaikausha kwa kuipunga. Majidi akainama. Mkono ukatua kwenye kichwa kile kilichonyolewa, na Fatiha ikasomwa, imechelewa miezi mitatu.

Lakini si kila kitu kilirudi. Majidi aliwaambia kwamba hatakuja Issuna. Alipoona nyumbani hakuna anayemngoja, alimwahidi mwenzake mmoja kwamba watakwenda pamoja Dar es Salaam kwa mjomba wa huyo mwenzake, wafanye kazi ghalani kwake mpaka chuo kifunguliwe. Mjomba ameshawaandalia nafasi, na ahadi ni ahadi. Mzee Mselemu aliitikia kwa kichwa. Hakutaja mpini. Baada ya saa moja filimbi ikalia, vijana wakakimbilia kwenye magari, na safari hii Majidi aligeuka nyuma na kupunga mkono mpaka vumbi likamfunika.

Jioni waliyorudi Issuna, Swaumu alimsaidia mama kuwasha moto. Maji yalipochemka mama alishika bakuli la bati. Alichota la kwanza, la pili, la tatu. Akalishika bakuli tupu juu ya unga, kisha akalirudisha rafuni.

"Mama, umenisamehe?" Swaumu aliuliza.

"Nimekusamehe. Baba yako naye amekusamehe, na kaka yako pia, umemwona." Mama alimimina unga, akaanza kusonga. "Ila nisikilize, maana sitalisema tena. Kucheza si kosa, hata kuchelewa kungesameheka siku ile ile. Ungesema pale kituoni, kaka yako angekugombeza, baba yako angekuchapa viboko viwili, na kesho tungecheka. Ulipoficha ulidhani umeokoka, kumbe kosa lako ulitubebesha sisi. Tumelibeba miezi mitatu bila kujua ni la nani. Ukikosea, mwanangu, sema kosa lingali kwenye kiganja chako. Likishaingia nyumbani mwa watu, kulisamehe kunawezekana, siku zilizoliwa hazirudi."

"Nimesikia, mama," Swaumu akasema, na safari hii alikuwa amesikia.

Walikula watatu, ugali ukaisha wote. Asubuhi Swaumu alifunua sufuria kwa mazoea, akatazama ndani. Hapakuwa na kiporo.