Fundi Aliyeidharau Seva

Rafiki yangu mmoja, fundi wa kompyuta asiyejua kutia chumvi, aliitwa hospitali kusasisha programu za seva, kwani mafaili ya wagonjwa yalikuwa yamegoma kufunguka na upasuaji ulikuwa mchana uleule. Mfumo wenyewe hakuwahi kuuona; kila amri aliyoizoea uliikataa.

“Takataka,” akafyonza. “Nani aliwaletea dude hili, dada?”

“Marehemu fundi wetu,” muuguzi akajibu. “Alisema tusilisasishe bila yeye.”

“Basi na aje!”

Muuguzi alipoondoka, taa ya chumba kile kisicho na dirisha ikazimika, jambo lisilothibitisha chochote. Gizani vikasikika vibonye vikichapwa, na kwenye skrini amri sahihi ikajiandika herufi moja moja. Kwa dharau fundi akaichomoa kibodi, akaikumbatia. Programu mpya zikaanza kupakuliwa, na pale mezani, mahali patupu kibodi ilipokuwa, vibonye vikaendelea kuchapwa.