Mlango wa Kushoto

Saa ya chakula cha mchana duka la vipuri lilikuwa limefurika, na kila mtu kwenye kaunta alitaka ahudumiwe yeye kwanza. Fundi bodi alijiegemeza ukutani, ovaroli imejaa vumbi la msasa, kitambaa cha manjano kichwani, akisubiri tina yake ya kuchanganyia rangi. Mbele yake mwanaume mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi alikuwa akimsumbua muuzaji.

"Nataka mpira wa mlango mnene kuliko huu. Upepo unaingia."

"Hata ukiweka godoro, kaka, utaingia tu," fundi alidakia. "Mlango wako umeinama."

Mwanaume akageuka. "Gari langu umeliona wapi?"

"Si lile la michezo hapo nje, la kijani, viti viwili? Mlango wa kushoto, juu mwanya unapita kidole, chini haupiti ukucha. Nani kakutengenezea, adui yako?"

Mwanaume akamtazama mdomoni, akacheka. "Mbona na wewe una mwanya?"

"Wangu ni urembo. Wako ni aibu."

"Mimi daktari wa meno, dada. Urembo nikiuona naujua."

Basi gari likaenda gereji, na mwenyewe akalifuata, kwa sababu mwanaume akishasifia meno huona haya kurudi nyuma.

Gereji ilikuwa ya mjomba wa fundi, aliyemlea na kumfundisha nyundo. Miguu ya mzee ilikuwa imechoka na alitaka kukabidhi. Wa kukabidhiwa walikuwa wawili: huyu mpwa wake mwenye mikono, na mwanawe wa kumzaa, mwenye mdomo. "Gari la daktari litatazamwa na kila mpenda magari mjini," mzee alimwambia mpwa. "Lifufue, milango ikae sawa, na gereji ni yako." Fundi hakuwa na ndoto nyingine tangu utoto.

Daktari akawa anakuja kila jioni. Fundi alimfundisha kazi kama wapendanao wengine wanavyofundishana kucheza muziki: mkono juu ya mkono, spana katikati.

"Nyuma ya bawaba kuna vibati vyembamba. Unaona? Toa kimoja tu, mlango mzima unakwenda upande."

"Vidogo hivi?"

"Vidogo hivyo. Na rangi ikishapigwa, kila kosa linaonekana."

"Na gari likiisha, fundi wangu?"

"Unaondoka nalo. Wateja wa magari mazuri hawarudi, mpenzi. Wanaorudi ni wenye mikweche." Alisema kwa utani, akaenda kunawa na kuvaa gauni lake la bluu ili watoke.

Kesho yake mlango wa kushoto ulikuwa umepinda.

Akaunyoosha. Asubuhi iliyofuata umepinda tena. Akabadilisha bawaba. Akapima bodi yote kwa kamba, pembe hadi pembe. Akaliteremsha gari kwenye magurudumu, akafunga viti na injini ili lilale kwa uzito wake. Jioni mwanya ulikuwa sawa juu mpaka chini. Asubuhi, upuuzi uleule.

"Labda mlango unataka kukuposa," binamu yake alisema, na mafundi wakacheka.

Akampigia daktari simu. "Umeharibika tena."

"Pole, roho yangu. Mimi sina haraka."

"Wewe huna. Mimi ninayo. Mjomba haniulizi tena, ananitazama tu."

"Labda macho yamechoka. Nikupeleke ukapimwe?"

Akampeleka. Macho yalikuwa mazima, na hilo ndilo lililomtisha, maana sasa kilichobaki ni mikono. Jioni ile alikaa chini kando ya gari, akalia kwa sauti, na daktari akamfuta machozi kwa leso yake.

Siku mzee alipomkabidhi mwanawe funguo, alifanya hivyo mbele ya mafundi wote. Fundi alipiga makofi kama wengine.

Jioni hiyohiyo daktari akaingia amevaa suti ya kijivu, ananukia vizuri, amejaa tabasamu. Alipiga goti kwenye sakafu yenye grisi. Mkono mmoja ulishika pete. Akafungua wa pili, na kiganjani kulikuwa na vibati.

"Kila ulipokwenda kunawa nilitoa kimoja," alisema. "Niliogopa gari likiisha nitakukosa. Kubali nikuoe, tucheke yaishe."

"Siku niliyolia hapa, vilikuwa mfukoni mwako?"

"Ndiyo, lakini..."

"Na siku ya kupimwa macho?"

"Nilikuwa nakupenda."

"Najua. Ndiyo maana sijakupiga na nyundo."

Alimshika mkono wa suti akamburuta mpaka kwa mjomba. "Mwambie!" Daktari akasema yote, macho chini. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema.

"Kwa hiyo mikono yangu haikukosea, mjomba."

"Haikukosea. Lakini fundi akikuta kazi yake imeharibiwa kila asubuhi, huuliza nani kaigusa. Wewe ukaenda kupima macho. Gereji siwezi kumpa mtu asiyejiamini. Neno langu limeshatoka."

Hilo lilimuuma kuliko funguo, kwa sababu lilikuwa kweli.

Akarudi garini, akavipanga vibati, akakaza bolti. Mlango ukafunga kwa mlio mmoja laini, mwanya ukiwa sawa pande zote. Akamrushia daktari ufunguo.

"Na sisi?" daktari aliuliza. Alikuwa analia.

"Tafuta mwanamke asiye na kazi utakayoiharibu."

Hakutaka kubaki chini ya binamu yake; wiki ile alizunguka gereji za mjini kuomba nafasi. Daktari alipiga simu bila kuchoka. "Niruhusu nikawaambie ukweli, mpenzi, nikusafishe jina."

"Uwaambie mwanaume wangu alikuwa akifungua bolti zangu na mimi namfundisha? Watacheka mara mbili." Akakata.

Mwenye gereji ya mwisho alimtazama kuanzia kitambaa mpaka viatu. "Si wewe yule aliyeshindwa na mlango wa daktari?"

Fundi alikaza kitambaa chake kichwani.

"Ndiye mimi," akasema, na akaomba aonyeshwe pa kuanzia kufagia.