Mguu wa Bi Time

Asubuhi ile Bi Time binti Msellem alichemsha chai ya mdalasini, akala muhogo uliolala, akaufunga mlango wake kwa kamba, kisha akajikongoja na gongo lake hadi barabarani kungoja gari la Mkoani. Alikuwa anakwenda kudai haki yake. Katika ukoo wetu siku hiyo haisahauliki, kwa kuwa ndiyo ya mwisho Bi Time kutoka Micheweni.

Miezi michache nyuma, pikapu ya Hija Mbarouk, iliyobeba magunia ya karafuu, iliacha njia ikamfuata pembeni alikokuwa anapita na furushi lake la mwani kichwani. Hija alifariki palepale. Bi Time alizindukana hospitalini, mguu wa kulia umeshakatwa chini ya goti. Aliambiwa umeshazikwa. Hakuuliza wapi.

Polisi walifunga jalada, maana mshitakiwa amekufa. Bima ya gari ilikuwa imekwisha zamani. Sheha wake akamwambia njia iliyobaki ni warithi: deni la maiti hutoka katika mali yake kabla haijagawiwa, na Hija ameacha mikarafuu. Bi Time hakuutaka utajiri. Alitaka mguu wa bandia, kama ile aliyosikia inatengenezwa Dar es Salaam, arudi kwenye mwani wake. Mwani haulimiki kwa mguu mmoja. Mchanga wa pwani hulimeza gongo.

Alitaka pia kutoka ndani ya kuta zake. Mwanzoni majirani walimletea uji na maneno ya faraja. Kisha likaja bamvua, maji yakakupwa mbali, wanawake wakarudi pwani na kamba zao za mwani, na hodi zikapungua mpaka zikakoma. Ilifikia kuku akidonoa mlango, Bi Time huitika karibu.

Kule Mkoani, Othman, kaka wa marehemu Hija, alimpokea barazani kwa heshima zote. Alimuuliza hali, akamletea maji, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaeleza kwa upole kwamba siku ya maziko yeye mwenyewe alisimama mbele ya watu akauliza nani anamdai marehemu. Aliuliza mara tatu. Hakujibu mtu. Kwa hiyo watu wote walikwishamsamehe.

"Mie nilikuwa sina mguu wa kuja nao," alisema Bi Time.

Othman aliinamisha kichwa. Alisema mikarafuu ni midogo na mayatima ni wengi. Alichomwomba ni radhi tu. Atamke kwamba amemsamehe Hija, maiti apumzike.

"Radhi sitoi," alisema Bi Time. Hakupaza sauti. "Sitoi mpaka Hija anipe mguu wangu."

Ndani ya nyumba kitu kikaanguka.

Alipoinuka kuaga, aliingia ukumbini kumpa mkono wa pole mjane, kama ilivyo ada. Mwanawema alikuwa edani, amekaa nyuma ya pazia katika nguo zake nyeupe. Aliushika mkono wa Bi Time asiuachie.

"Umesema maneno makubwa, dada," alinong'ona. "Naye anasikia. Kila siku baada ya alasiri anatembea chumba hiki."

Bi Time alimwambia kwamba eda ni upweke, na upweke una sauti zake. Yeye mwenyewe anazijua.

"Mume wangu nazijua hatua zake," alisema Mwanawema. "Mbili ni zake. Ya tatu siijui."

Njiani kuelekea kituoni mzee mmoja alimfuata kwa mbali. Alimfikia alipokaa kungoja gari, akajitaja kuwa ni Jaribu, mwosha maiti. Alikaa kitako pembeni yake bila kumtazama.

Mwosha maiti hana mdomo. Hilo kila Mpemba analijua. Aonacho kwenye kitanda cha kuoshea ni sitara ya marehemu, huzikwa pamoja naye. Mzee Jaribu alikuwa ameishika ada hiyo ujana wake wote na uzee wake wote. Siku hiyo akaivunja, tena kwa sauti ndogo mno, hata Bi Time ikambidi amwinamie.

Alisema jamaa za Hija walikwenda hospitalini kuchukua maiti, na kando yake palikuwa na kifurushi cheupe. Mwili ulikuwa umepondeka. Wakadhani ni sehemu yake. Walichukua vyote viwili.

"Nilipomwosha nikaona miguu yake yote miwili ipo," alisema. "Nikakifungua kifurushi."

Bi Time akazidi kumwinamia.

"Ulikuwa mguu wa mwanamke. Una hina. Kidole cha mwisho kimepanda juu ya mwenzake."

Jua lilikuwa linatua, alisema, na watu wameshasimama na jeneza. Angesema nini? Alikifunga tena, wakakiweka mwanandani, mle ndani ya kaburi, pamoja na Hija, wakafukia.

Bi Time alimuuliza kama kaburi laweza kufukuliwa. Mzee alitikisa kichwa. Alimsihi arudi kwa Othman, atoe radhi kwa kinywa chake, leo hii, kabla gari halijafika.

Bi Time aliliangalia gongo lake. Akauangalia mguu wake wa kushoto, wenye hina iliyofifia, na kidole cha mwisho kilichopanda juu ya mwenzake. Radhi akiitoa, mguu wa bandia hatauona milele. Gari likaja. Akapanda.

Haya tunayajua kwa sababu aliyasimulia mwenyewe kwa jirani yake Tatu, siku iliyofuata, akicheka kidogo. Tatu alikuwa na haraka, maji yalikuwa yanakupwa. Alimwambia jioni atapita.

Alasiri ile Bi Time alibaki peke yake. Wanawake wote walikuwa pwani. Tatu, aliyechelewa kwa kutafuta kamba zake, ndiye pekee aliyekuwa bado uani kwake. Alisikia mtu anapita nyuma ya ua.

Hatua nzito. Hatua nzito. Kisha moja nyepesi.

Zikasimama kwa Bi Time.

"Hodi," ilisema sauti ya kiume.

Kwetu mtu hujitaja. Hodi isiyo na jina haiitikiwi. Na mgeni akishapiga ya tatu bila kujibiwa, huondoka. Tatu aliihesabu ya pili. Akatega sikio. Ikaja ya tatu. Kimya. Tatu akashusha pumzi.

Ndipo akaisikia sauti ya Bi Time, nyororo, kama ya mtu aliyengoja mno.

"Karibu."

Tatu hakwenda. Hilo amelikiri. Alikaa uani mpaka wenzake waliporudi kutoka pwani, wakaenda pamoja.

Mlango ulikuwa wazi. Gongo limeegemezwa ukutani vizuri. Bi Time alikuwa kitandani, amefunikwa khanga mpaka kifuani, baridi. Uso wake ulikuwa umetulia.

Mchangani palikuwa na nyayo. Za kuja zilikuwa mbili kubwa na moja ndogo, ya kulia. Za kurudi zilikuwa mbili tu.

Walimtuma mtu Mkoani kuwaarifu kina Othman. Alirudi akasema kaburi la Hija limetitia upande mmoja.

Aliyemwosha Bi Time ni Tatu, peke yake, mlango umefungwa. Hakusema neno siku ile, na mpaka leo ukimuuliza huinuka akaondoka. Maana mwosha maiti hana mdomo.

Alifungua mlango mara moja tu, akatoa mkono nje. Aliomba kitambaa chembamba, cha kufungia vidole gumba vya miguu pamoja.